Mwanamke Aliyewapima Wanaume

Mtu aliyeingia kwenye duka lile la suti kwa mara ya kwanza alitafuta fundi mwanamume. Anasalimia, anaangaza huku na huku, anauliza, "Mpimaji yuko wapi?"

"Umeshafika. Vua koti."

Anayejibu ni mwanamke mfupi, amejaa kidogo, futi ya njano inaning'inia shingoni. Hakuvaa mkufu wala kidani. Alisema shingo moja haivai viwili, na yeye alishachagua.

Kupima hakukusomea popote. Shangazi yake alikuwa mshona magauni, naye tangu akiwa msichana alimshikia ncha ya futi. Alipoajiriwa pale dukani, kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Kisha mpimaji wa zamani macho yakaanza kumkimbia, akawa anamwita amsomee namba. Akasoma. Mwisho mzee yule akawa anakaa kitini, na mwanamke ndiye anayepima. Siku ya kuaga, mzee alivua futi shingoni mwake akamvika yeye mbele ya watu. Hotuba hakuwa nayo.

"Mwanamke atampimaje mwanamume kiuno?" aliuliza mkataji wa vitambaa, ambaye wote walimwita Mzee Mkasi.

"Atazungusha futi."

"Na mwanamume je?"

"Atasimama."

Mzee Mkasi akakata kitambaa kwa namba zake. Nguo zikakaa. Hakuuliza tena.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kioo cha urefu wa mtu, na kijukwaa cha mbao cha kusimamia mteja. Katikati meza ya kukatia. Nyuma vyerehani, vimepangwa ukutani, vinaguruma kutwa. Kwa sababu ya ngurumo hizo palikuwa na desturi: mpimaji hasemi namba, anaipiga kelele, na mtu mwingine anaiitikia. Namba iliyosikiwa na wawili haipotei.

Mwitikiaji alikuwa mwanamke wa vifungo. Alikaa karibu na kijukwaa, mbele yake makopo ya vifungo, na pembeni gongo la kutembelea, maana mguu wake mmoja haukukua sawa na mwenzake. Bi Vifungo, ndilo jina walilompa.

"Bega, kumi na nane!"

"Kumi na nane!"

Mtu aliyepita nje angedhani mnada.

Sasa, mwanamke akimzungushia mwanamume futi kifuani, mwanamume hakosi neno. Maneno yalikuwa ya kila rangi. Wengine walisema tu, "Fundi, leo umependeza," wakaendelea kujitazama kwenye kioo. Hao aliwapenda. Nani hapendi kuambiwa amependeza? Hata mlango hupakwa rangi. Wengine walianza na sifa wakamaliza na swali. Unakaa wapi. Unatoka saa ngapi. Huyo mumeo anakuangalia vizuri?

Kwa hao alikuwa na dawa. Alibana pini midomoni. Kupima hakuhitaji pini hata moja, pini ni za kujaribisha nguo, lakini mteja atajuaje? Mwenye pini mdomoni hajibu. Anatikisa kichwa tu, na kichwa chenyewe anakitikisa kidogo, asije akachoma mtu. Wenzake wakamwita Bi Pini, naye akaitika.

Ndipo akaja Bwana Saruji.

Aliitwa hivyo kwa kuwa aliuza saruji, nondo na mabati, na nusu ya nyumba za mji ule zilikuwa zimepita kwenye mikono yake. Tumbo lilimtangulia, kicheko kikafuata, kisha yeye. Alileta rafiki zake washonewe pale. Kwa hiyo Tajiri, yaani mwenye duka, akimwona mlangoni alimvutia kiti mwenyewe, na kiti alikipangusa kwa leso yake.

Safari hiyo alitaka suti ya harusi ya bintiye. Akapanda kijukwaani. Bi Pini akazungusha futi kifuani.

"Aaah," akasema Bwana Saruji, kwa sauti ya kusikiwa na vyerehani vyote. "Fundi, ukinizungushia hiyo futi najiona nimekumbatiwa. Mumeo anajua alichonacho?"

Mafundi wakacheka. Utani wa mwenye nacho huchekwa hata ukiwa mbovu. Tajiri alicheka zaidi ya wote.

Bi Pini akabana pini.

"Ona anavyoona haya! Mikono laini hii, kazi ngumu ya nini? Ungekuwa kwangu ungeshika funguo tu."

Futi ikashuka kiunoni. Hapo Bi Pini akaona jambo. Tumbo halikuwepo. Bwana Saruji alikuwa amelivuta ndani, kifua mbele, kidevu juu, kama jogoo juu ya ukuta. Anajikaza apate kuonekana kijana.

Fundi yeyote anajua neno la kusema hapo. "Achia tumbo, bwana." Neno dogo. Lakini kwa mtu huyu halikuwa dogo. Angesema, kumbe unalitazama? Angesema, lishike basi ulishushe. Vyerehani vingecheka tena. Bi Pini alipima maneno hayo kichwani kama anavyopima nguo, akaona hayamkai.

"Kiuno, thelathini na nane!"

Bi Vifungo hakuitikia mara moja. Alimtazama Bwana Saruji, akamtazama Bi Pini. Kisha akasema polepole, "Thelathini na nane."

Mteja alipoondoka, Bi Pini akaenda kwa Mzee Mkasi.

"Ile suruali niachie akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma."

"Kiasi gani?"

"Kadiri kitambaa kitakavyokubali."

"Kwani namba si umeisoma?"

"Nimeisoma. Wewe acha akiba."

Mchana walikula pamoja kwenye meza ya kukatia, kama kawaida, vitambaa vimesogezwa upande. Siku hiyo alikula nao binti wa Tajiri, aliyekuwa amemaliza chuo na anamsaidia baba yake kupokea wateja. Msichana mwema. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Yale ya asubuhi ni udhalilishaji," akasema.

"Yapi?" akauliza Mzee Mkasi.

"Ya Bwana Saruji."

"Mtu kasifu tu. Siku hizi kusifu nako kosa? Basi tutakuwa tunawasalimia kwa ishara, kama bubu."

"Mzee," akasema Bi Pini, "sifa unaijua?"

"Nimezeeka nayo."

"Sifa mtu anaisema huku anapita zake. Ile ya kwake haipiti. Inavuta kiti, inakaa, inasubiri jibu."

"Si ujibu asante?"

"Ukijibu asante inaomba namba ya simu."

"Na ukikataa?"

"Inageuka tusi. 'Kwani unajiona nani, sura yenyewe hiyo?' Dakika ile ile, sura ile ile aliyoisifu."

Mzee Mkasi akatafuna. Alikuwa na mabinti wawili.

"Basi mkemee pale pale, dada!" akasema binti wa Tajiri. "Tukinyamaza tunaumia wote. Angeniambia mimi hivyo..."

"Wewe hawezi kukuambia."

"Kwa nini?"

"Baba yako si yupo hapo ndani?"

Binti akafunga mdomo.

"Wewe ukimkemea watasema, huyu msomi. Mimi nikimkemea watasema, fundi ana mdomo mchafu, amefukuza mteja. Kosa ni lile lile la mtu mmoja, ila bei hatulipi sawa."

"Afadhali mwenzenu huyu," Mzee Mkasi akamwelekeza kijiko Bi Vifungo. "Yeye hakuna anayemsumbua. Anakula mshahara wake kwa amani."

Bi Pini akacheka. "Hapo kweli. Mwenzangu umesalimika."

Bi Vifungo alikuwa anakata uzi kwa meno. Akaukata. Akauliza, "Nani kakwambia?"

Wakamtazama.

"Wewe wanakusifu kwanza, maana unaweza kuondoka. Mimi hawajisumbui kunisifu. Wanalisogeza gongo, kidogo tu, kama wanatafuta njia ya kupita. Likishakuwa mbali na mkono wangu, wanakaa karibu."

"Nani?" Bi Pini akauliza.

"Mteja anayesubiri. Jirani. Niwataje wote? Na nikipiga kelele naambiwa nishukuru nimeonekana na mtu."

Hakuna aliyeendelea kula. Bi Pini alikaa na mwenzake yule makopo yake yakigusana na kijukwaa chake, akiitikiwa namba kutwa nzima, na hakuwahi kuuliza gongo lilifikaje upande wa pili wa kiti. Mara ngapi amelirudisha mwenyewe akidhani limeteleza!

Binti wa Tajiri akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Chuoni tulisoma jambo kama hilo. Kwamba wanawake hatubebi mzigo mmoja. Kuna anayebeba uanamke tu. Mwingine uanamke na umaskini. Mwingine na ulemavu juu yake. Na mizigo hiyo haikai kila mmoja peke yake. Inafungwa kamba moja, ukivuta huu unakuja na ule. Kwa hiyo dawa ya mmoja huenda isimfae mwingine."

"Hilo liko kwenye vitabu?" akauliza Bi Vifungo.

"Liko. Lina jina lake kabisa."

Bi Vifungo akatabasamu kidogo. "Kumbe lina jina. Mimi nilidhani ni langu peke yangu."

Jioni ile Bi Pini alifika nyumbani hana maneno. Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu wa kazi za ngazi na ndoo. Alikuwa anajisugua rangi viganjani kwa mafuta ya taa.

"Umekuwaje?"

"Kuna mteja ana mdomo."

"Anakushika?"

"Hapana. Anasifu."

"Basi?"

"Basi ndilo hilo."

Mume akasugua kidole kimoja kimoja. "Niende nikaongee naye?"

"Ukienda, yatakuwa maneno ya wanaume wawili. Mimi nitakuwa kitambaa mnachovutana."

"Sasa?"

"Sasa nipe hayo mafuta, una rangi sikioni."

Akamfuta sikio.

Siku ya kujaribisha, Bwana Saruji alikuja, akapanda, akakaza tumbo tena mbele ya kioo. Suruali ikafunga. "Umeniona?" akamwambia Bi Pini. "Kijana wa kuposa." Pini zilikuwa mdomoni, na safari hiyo zilikuwa na kazi.

Mwanadamu anaweza kukaza tumbo kijukwaani. Hawezi kulikaza harusi nzima. Habari zilifika dukani kabla ya mwenyewe. Alikuwa amekula, tena amekula kama baba wa bibi harusi anavyostahili. Akasimama kuwakaribisha wakwe. Akavuta pumzi ya kuanza hotuba. Kifungo kikaruka, kikamgonga mshenga, na mshono wa nyuma ukafuata kwa mlio ambao waliokaa mbali walidhani ni kipaza sauti kimeharibika. Hotuba aliimalizia amekaa, kitambaa cha meza mapajani.

Wiki ilipoanza akaingia dukani. Safari hii kicheko hakikumfuata. Alifuatwa na mkewe, mama mrefu, mkoba kwapani, na suruali ikiwa ndani ya mfuko.

"Duka hili limenivua nguo mbele ya wakwe!" Bwana Saruji akaitupa suruali juu ya meza ya kukatia. "Nani alinipima mimi? Ee? Nani?"

Anajua nani. Wote wanajua nani. Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja.

Tajiri alitoka amekunja mikono kama anayeomba msamaha kanisani au msikitini, popote. "Bwana mkubwa, pole, pole sana. Tutaishona nyingine. Na mpimaji nitambadilisha leo leo. Nilishasema mimi, kazi hii ya wanaume." Hakuwahi kusema. "Wewe, Bi Pini, kuanzia sasa utakaa kwenye vifungo."

"Na mwenye vifungo vyake?" akauliza Bi Pini, aliyekuwa amebana pini alipowaona wakiingia, maneno yanatoka nusu.

Tajiri akatazama pembeni. "Vifungo havihitaji watu wawili. Yeye atapumzika kidogo."

Kupumzika kidogo. Kila fundi pale alijua maana yake. Waliokwisha kupumzika kidogo hawakurudi.

Bi Vifungo hakulia wala hakuuliza. Alianza kufunika makopo yake. Kifuniko cha kwanza. Cha pili.

Mke wa Bwana Saruji ndipo akamwona Bi Pini vizuri, kutoka futi ya shingoni hadi ndala.

"Kumbe ni huyu? Huyu ndiye anayekupima? Ndiyo maana kila suti lazima ishonwe duka hili!" Akamsogelea. "Mwanamke mzima kutwa unazungusha mikono kwenye viuno vya waume za watu. Namba utaionea wapi?"

Nyuma huko mtu akaguna kwa kicheko. Binti wa Tajiri akainuka kitini, akafungua mdomo. Bi Pini akamwinulia kiganja. Tulia, mdogo wangu.

Akatema pini kiganjani. Akazichomeka kwenye kimto chake kidogo cha sufi, moja moja, bila haraka.

"Mama," akasema, "namba ilikuwa mbaya. Umesema kweli. Na kosa ni langu."

Tajiri alishtuka. Hakuna fundi anayekubali kosa mbele ya mteja, hata akikutwa na mkasi mkononi.

"Nilimwona bwana amekaza tumbo. Nikanyamaza. Fundi akiona hivyo hanyamazi, anasema. Mimi nilinyamaza, ndiyo maana suruali ikasema badala yangu."

"Nani alikaza tumbo?" Bwana Saruji akang'aka. "Mimi nikaze tumbo, mimi mtoto?"

"Panda hapo tupime tena. Mbele ya mama. Mbele ya wote. Nikikuta thelathini na nane, naondoka mwenyewe, na mwenzangu abaki na vifungo vyake. Nikikuta nyingine, sisi wote wawili tunabaki tulipo."

"Upuuzi," akasema Bwana Saruji. Akamtazama Tajiri amwokoe.

"Panda," akasema mkewe.

"Mama nanihii, tuna haraka..."

"Panda, nimesema. Mimi ndiye niliyekufunika na kitambaa cha meza."

Akapanda. Na mtu ni mazoea yake. Kile kioo, kile kijukwaa, macho ya watu wote mgongoni, akafanya alichofanya siku zote. Kifua mbele. Kidevu juu. Tumbo ndani.

Bi Pini akazungusha futi. Akashika ncha mbili kwa vidole viwili, kwa wepesi, kama anashika bawa la kipepeo. Hakupiga kelele ya namba. Akasimama.

Mafundi wakanyoosha shingo.

"Soma basi," akasema Bwana Saruji, kwa sauti nyembamba.

"Bado."

"Unasubiri nini?"

"Wewe."

Akasubiri. Hakumtazama usoni, alitazama namba. Mshipa ukamtoka Bwana Saruji shingoni. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Huko mezani Mzee Mkasi akaanza kutikisika mabega, ameziba mdomo kwa kipande cha bitana. Bwana Saruji akageuka rangi ya saruji yake mwenyewe.

"Mume wangu," akasema mkewe, "pumua, utatufia hapa."

Akapumua. Pumzi ilitoka ndefu, kama tairi. Na futi ikateleza katikati ya vidole vya Bi Pini, ikateleza, ikateleza, hadi ikasimama yenyewe.

"Kiuno, arobaini na mbili!"

"Arobaini na mbili!" Bi Vifungo aliitikia kwa sauti ambayo duka lile halijawahi kuisikia kwake. Makopo yakalia.

Hapo hata aliyeapa kutocheka alicheka. Lakini mke wa Bwana Saruji hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Nyumbani halikazi," akasema. "Miaka yote hii sijaliona limekazwa. Hapa analikaza kwa nini?"

Swali hilo lilikuwa la Bi Pini kama angelitaka. Angeweza kumwaga yote, na nyumba ya watu ingewaka moto. Akavuta futi, akairudisha shingoni.

"Mwenye tumbo ndiye wa kuulizwa, mama. Mimi nina langu la kumwambia." Akamgeukia Bwana Saruji, na sauti hakuipandisha. "Bwana, uliniambia futi yangu inakukumbatia. Futi haikumbatii mtu. Hapo unapandisha mwili, mimi natafuta namba, ikipatikana tumemalizana. Nguo ikikukaa, sema. Nitafurahi mpaka jioni. Ukiniambia nimependeza, nitashukuru. Ukianza kuniuliza mume wangu anajua alichonacho, mimi nashindwa kusema neno dogo la kazi, na wewe unapasukiwa suruali. Umeona faida?"

"Nilikuwa natania," akasema Bwana Saruji.

"Na mimi sikuwa nacheka."

Kisha akawageukia mafundi, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi. "Jingine. Gongo la mwenzangu huyu lina mahali pake. Lisisogezwe na mtu. Mteja wala fundi. Anayetaka njia aseme nipishe."

Mmoja wa waliokaa kwenye benchi alikumbuka ghafla ana shughuli mahali, akatoka.

Mke wa Bwana Saruji akauchukua mkoba wake. "Ungesema mapema," akamwambia Bi Pini, kwa ukali ule ule, lakini ukali umepoteza njia.

"Kweli, mama. Ila ningemwambia nani? Hawa walikuwa wanacheka."

Mama yule akawatazama mafundi, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua nyama. Kila aliyetazamwa alipata uzi wa kuokota chini. Mwisho akamtazama Tajiri, na Tajiri naye akatafuta uzi.

"Tutakuja kuichukua suruali," akasema. "Mimi na yeye. Wote wawili." Akatangulia. Bwana Saruji akamfuata, tumbo lake limetulia mahali pake.

Walipopotea, Tajiri alishika kichwa. "Umeniulia mteja! Mteja mkubwa!"

"Tajiri," akasema Mzee Mkasi. Wote wakageuka, maana siku zote yeye huwa upande wa anayelipa. "Suruali kaiacha. Anayehama duka hahami bila suruali."

Tajiri akaitazama suruali mezani, imepasuka kama mdomo wa samaki.

"Inashoneka?"

"Akiba ipo nyuma. Huyu aliniambia niache."

Tajiri akafikiri. Neno la samahani halikumtoka, na hakuna aliyelitegemea. "Fungueni mshono basi," akasema, akaingia ndani.

Bi Vifungo akafunua kopo la kwanza. Akafunua la pili. Akatafuta kifungo kinachofanana na kile kilichomgonga mshenga.

Tangu hapo duka lilipata desturi nyingine. Futi ikifika kiunoni, Bi Pini anasema, "Pumua." Kwa kila mtu, mwenye gari na mwenye baiskeli. Wengine wanacheka, wengine wanaona haya, lakini wote wanapumua. Pini zikarudi kwenye kazi yake ya pini. Asubuhi moja Mzee Mkasi alikuja na nyundo, akapiga msumari ubavuni mwa meza ya vifungo, kwenye urefu wa mkono wa mtu aliyekaa, akatundika gongo. Hakueleza. Alipoulizwa alisema lilikuwa linamkwaza.

Si kwamba midomo ya wanaume ilifungwa. Midomo ipo. Lakini binti wa Tajiri, ambaye baadaye ndiye aliyelishika duka, alimfukuza mteja mmoja mbele ya macho ya baba yake, na paa halikuanguka. Bi Pini alisema msichana yule aliutumia uzito wake mahali panapostahili. Aliyezaliwa na kiti, alisema, asikae tu, awavutie na wengine.

Alipima miaka mingi. Vijana aliowapima wakioa, aliwapima tena wakiozesha. Bwana Saruji mwenyewe alirudi, na mkewe, na alikuwa wa kwanza kupumua kabla hajaambiwa.

Mume wa Bi Pini, yule mpaka rangi, alikuwa na suti moja tu maishani. Aliivaa kijana wao alipooa, na aliivaa tena siku ya kumzika mkewe. Ilimkaa siku zote mbili.

Siku ya kupimwa suti hiyo, kabla ya harusi ya kijana wao, aliingia dukani kwa mlango wa mbele, kama mteja. Amenawa mpaka viwiko, lakini rangi haikosi pa kujificha. Mafundi wakaanza.

"Shemeji, leo umeingia kwenye mikono ya sheria!"

"Mzungushie taratibu, asije akatoroka!"

"Nyamazeni," akasema Bi Pini. "Nina mteja."

Bega. Kifua. Mkono. Namba zikapigwa kelele, Bi Vifungo akaitikia huku anacheka. Futi ikashuka kiunoni, ikasimama.

Mkewe akainua macho. "Na wewe?"

"Nini?"

"Umekaza tumbo."

"Kidogo tu."

"Kwa nini?"

Mwanamume yule hakuwa mtu wa maneno. Alitazama kioo, akamwona mkewe ameinama, futi mikononi, miwani puani, chaki kwenye nywele.

"Umependeza," akasema.

Vyerehani vyote vikasimama kusikia jibu.

"Asante," akasema Bi Pini. "Pumua."